Shilingi 5,500 kwa Mtoto Mmoja: Zipeleke Wapi?

Mwaka 2023 Compassion International, shirika la Kikristo la kufadhili watoto, lilipandisha mchango wa mfadhili aliyeko Marekani kutoka dola 38 hadi dola 43 kwa mwezi. Dola ikiwa shilingi 129 za Kenya, hiyo ni kama 5,550 kwa mwezi, au 66,500 na ushei kwa mwaka. Weka kando yake karo ya mwaka ya shule za bweni za serikali kama ilivyo katika mwongozo wa Wizara ya Elimu: 53,554 kwa shule za kitaifa na za miji mikubwa, 40,535 kwa nyinginezo. Mwenye kalamu atauliza mara moja: si afadhali nimlipie mtoto karo mwenyewe, na kinachobaki kimnunulie sare?

Swali ni halali, na siku hizi linaulizwa na watu wapya. Zamani mfadhili alikuwa Mzungu wa mbali ambaye barua yake ilisomwa mbele ya darasa zima. Leo ni nesi wa Kikenya aliyeko Minneapolis, au karani wa Eldoret mwenye mshahara wa kawaida, au chama cha akina mama wa kanisani ambacho kikishagawana pesa za mzunguko hubakiza kidogo kwa ajili ya mtoto fulani wa mtaani kwao. Wote wanataka kujua shilingi yao inafanya kazi gani. Kwa nje bidhaa wanazouziwa zinafanana: picha ya mtoto, jina, umri, darasa, ndoto ya kuwa daktari. Kwa ndani hazifanani hata kidogo.

Utaratibu wenyewe una umri. Plan ilianza mwaka 1937 kwa watoto wa vita vya Hispania, na mwaka uliofuata J. Calvitt Clarke, mchungaji wa Kipresbiteri wa Virginia, akaanzisha mfuko wa watoto wa China ambao leo ni ChildFund. Lakini ni vita vya Korea vilivyoufanya ufadhili wa mtoto uwe jambo la kawaida la Mkristo wa Marekani. Bob Pierce aliunda World Vision mwaka 1950, na Everett Swanson, mwinjilisti kutoka Chicago, akaanza mwaka 1952 kazi iliyokuja kuitwa Compassion, wote wakiwatafutia yatima wa vita chakula na mahali pa kulala. Tangu 2003 Korea Kusini ina ofisi ya Compassion inayofadhili watoto wa nchi nyingine. Imevuka kutoka foleni ya wapokeaji hadi meza ya watoaji, ingawa hakuna Mkorea makini atakayekuambia kwamba nchi yake ilijengwa na barua za wafadhili. Ilijengwa na shule za umma, mageuzi ya ardhi na viwanda.

Faili la Jumamosi

Tuanze na Compassion, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi vijijini kwetu. Iko Kenya tangu 1980 na Tanzania tangu 1999. Haijengi shule zake wala zahanati zake. Hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali, ya Kianglikana, ya Kipentekoste, ya Kilutheri na mengineyo. Kanisa hutoa ukumbi, mchungaji na kamati. Shirika hutoa pesa, utaratibu na wakaguzi.

Nenda kwenye kituo cha namna hiyo Jumamosi asubuhi. Nje kuna sufuria kubwa ya uji, na watoto wamepanga foleni na vikombe vya plastiki, wadogo mbele, wale wa sekondari nyuma wakijifanya hawana njaa. Ndani kuna nyimbo, Biblia, mafunzo ya usafi, labda cherehani tatu za vijana. Halafu kuna kabati la chuma lenye mafaili, moja kwa kila mtoto. Fungua moja utakuta nakala ya cheti cha kuzaliwa, uzito na kimo, matokeo ya muhula, risiti ya viatu, na barua, zilizoingia na zilizotoka. Mfadhili hufurahia barua. Kwa maoni yangu, thamani kubwa imo katika yale makaratasi mengine, kwa sababu maana yake ni kwamba yuko mtu mzima anayelipwa kugundua kuwa mtoto huyu hajaonekana Jumamosi mbili, na kwenda kwao kuuliza kulikoni.

Je, inafaa? Hapa Compassion ina kitu ambacho wenzake wengi hawana, yaani utafiti wa kujitegemea. Wanauchumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha mwaka 2013, katika jarida la Journal of Political Economy, matokeo ya uchunguzi wa watu 10,144 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliwatafuta watu wazima waliofadhiliwa wakiwa watoto kati ya 1980 na 1992, wakawalinganisha na wengine, hasa ndugu zao wa tumbo moja ambao mradi ulipofika kijijini walikuwa wamepita umri wa kuandikishwa. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma zaidi kwa mwaka mmoja hadi karibu mwaka mmoja na nusu. Uwezekano wao wa kumaliza sekondari ulikuwa juu kwa pointi 12 hadi 18 za asilimia, na wengi zaidi walipata kazi za ofisini. Hayo si matokeo madogo. Miradi mingi ya misaada ikipimwa kwa ukali namna hiyo huishia kwenye sifuri.

Ila usome kwa makini. Wakati ule shule ya msingi ilikuwa ya kulipia. Kenya ilifuta karo ya msingi mwaka 2003. Sehemu ya faida iliyopimwa yawezekana ilikuwa karo tu, na leo hiyo inalipwa na kodi yako. La pili, na ndilo ningependa mfadhili alikariri, watoto wale walikaa katika mradi miaka tisa kwa wastani. Hakuna aliyepima faida ya kumfadhili mtoto miezi kumi na minne kisha kubadili kadi ya benki na kusahau. Anayenunua ufadhili ananunua muda. Ahadi ni deni, na deni hili ni la mtoto wa miaka sita atakayefika kumi na nane.

Mtoto mmoja au kijiji kizima

World Vision hukaa kwenye rafu hiyo hiyo lakini bidhaa yake ni nyingine. Kwa miaka kadhaa bei yake kwa Mmarekani ilikuwa dola 39. Pesa za wafadhili wa eneo moja huwekwa pamoja na kutumika kwa kisima, zahanati, mafunzo ya wakulima, vyoo vya shule, kazi inayoweza kuendelea mahali pamoja miaka kumi au kumi na mitano. Mtoto wa kwenye picha ni mmoja wa wanaofaidika, na ndiye anayekuandikia. Mwaka 2019 shirika liligeuza meza: badala ya mfadhili kuchagua picha ya mtoto, mtoto huchagua picha ya mfadhili. Wazo zuri kwa heshima ya mtoto. Kwa hesabu ya shilingi halibadilishi chochote.

Ubora wa njia hii ni kwamba mtoto wa jirani haachwi akichungulia uani wakati mwenzake anapewa viatu. Yeyote aliyekulia karibu na kituo cha ufadhili anajua uchungu huo: nyumba mbili zinagawana ua mmoja, moja ina mtoto mwenye mzungu wake, nyingine haina. Udhaifu wake ni kwamba mnunuzi hudhani amenunua jambo moja kumbe amenunua lingine. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi ambamo wanahabari wake walifadhili watoto kupitia mashirika makubwa, kisha wakasafiri kuwatafuta. Baadhi ya watoto walikuwa wamepata kidogo sana cha moja kwa moja, na mmoja nchini Mali alikuwa amekufa kitambo huku mfadhili akiendelea kutuma pesa. Tangu hapo mashirika yamekaza kanuni na kuandika waziwazi kwamba mchango huwekwa katika mfuko wa pamoja. Maandishi hayo yapo, kwa herufi ndogo. Yasome kabla ya kuweka namba ya kadi.

Njia ya tatu haitangazwi sana kwetu ingawa ipo Kenya, Tanzania na Uganda. Unbound ilianzishwa na Wakatoliki walei huko Kansas City mwaka 1981, na mchango wake umekuwa dola 40. Pesa huingia katika akaunti ya familia, na mama wa mtoto, akiwa na kikundi cha akina mama wenzake, hupanga zitumikeje: karo, bati, mbuzi, mtaji wa mboga. Naipenda. Inamchukua mama kuwa mtu mwenye akili. Wenye hofu kwamba pesa zitaishia kwa mama pima wajue kwamba watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walipima jambo hilo Rarieda, kaunti ya Siaya, katika familia zilizopewa pesa taslimu na GiveDirectly, shirika lisilo la kidini. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda.

Kumlipia mwenyewe

Sasa turudi kwa yule mwenye kalamu. Wakenya tunao mfano mkubwa wa kumlipia mtoto karo moja kwa moja. Chris Mburu, kijana wa Mitahato kaunti ya Kiambu, alilipiwa shule na mwalimu wa chekechea wa Uswidi, Hilde Back, ambaye walikuwa hawajawahi kuonana. Mchango ulikuwa kama dola 15 kwa muhula. Mburu alifika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Harvard, kisha Umoja wa Mataifa katika kazi za haki za binadamu, na mwaka 2001 akaanzisha mfuko wa elimu wenye jina la mama yule. Filamu ya A Small Act ya mwaka 2010 inasimulia habari hiyo. Hilde Back hakuwa Mkristo. Alikuwa Myahudi aliyeponea Ujerumani ya Hitler kwa kupokelewa Uswidi. Nalitaja kwa faida ya wale wanaoamini kwamba huruma ina dhehebu.

Tupige hesabu ya leo. Tuseme mtoto amepata nafasi katika shule ya sekondari ya kutwa iliyo karibu na kwao, ambako serikali hutoa 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka na mzazi halipi karo ya masomo. Halipi karo, lakini halali. Chukua mfano wa shule inayodai 6,000 kwa muhula kwa chakula cha mchana: mihula mitatu ni 18,000. Sare, viatu na sweta, weka 6,000. Madaftari, vitabu vya ziada, kalamu, na pedi kama ni msichana, weka 4,000. Bima ya afya ya SHA, inayoanzia shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya, ni 3,600 kwa mwaka, na inamfunika mtoto pamoja na mama na wadogo zake. Jumla 31,600, yaani kama 2,630 kwa mwezi. Haifiki nusu ya dola 43.

Kwa bweni mambo hubadilika. Kwa kiwango cha 40,535, miaka mitatu ya sekondari ya juu ni shilingi 121,605 kabla hujanunua sanduku, godoro, ndoo na nauli ya kufungua na kufunga shule. Mwenye kuahidi bweni awe na angalau mwaka mmoja na nusu wa pesa hizo mahali pa salama kabla ya kumwambia mtoto neno. Nimeona zaidi ya mara moja mfadhili mwenye moyo mkunjufu akipoteza kazi mtoto akiwa kidato cha tatu, na mtoto akirudishwa nyumbani katikati ya muhula, akiwa amezoea maisha ambayo mama yake hawezi kuyalipia. Shule ya kutwa haina sifa mdomoni, lakini hata pesa zikikatika mtoto bado yuko kwao, na bado anaweza kutembea hadi darasani.

Jedwali langu la 31,600 lina pengo, na pengo hilo ndilo lililofunikwa na lile kabati la chuma. Nani atajua kwamba mtoto ameacha kwenda shule? Nani atatambua kwamba mjomba anayempokelea pesa ana nia nyingine? Ukimtumia mlezi pesa kwa simu ukafunga simu, umelipa karo, hujafadhili mtoto. Mpango wa bei nafuu unaofaa ni huu: kamati ndogo ya kanisa au ya chama, watu watatu, angalau mmoja mwanamke; pesa zote za shule kwa namba ya malipo ya shule yenyewe, kamwe si mkononi; na mtu mmoja, mara nyingi mwalimu wa Shule ya Jumapili, anayemtembelea mtoto kwao kila mwezi akiwa na mwenzake. Mpe mtu huyo 500 kwa mwezi ya nauli na muda wa maongezi. Jumla inapanda hadi 37,600 kwa mwaka, au 3,130 kwa mwezi. Pesa bora kuliko zote katika bajeti nzima ni hizo 500.

Na mfadhili mwenyewe awekewe mipaka. Asimchukue mtoto peke yake kwenda kumnunulia viatu. Asimwite mbele ya kanisa kushukuru. Asichapishe picha yake mtandaoni kuonyesha alivyokuwa na alivyo sasa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, Tanzania ina yake ya taarifa binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mtoto huyo atakuwa mtu mzima siku moja na picha ile ya matambara itakuwa bado inazunguka. Mashirika makubwa yana kanuni kali za mambo haya na hufuta ufadhili wa anayezivunja. Sisi wa mitaani hatuna, kwa kuwa tunaaminiana. Kuaminiana si ulinzi wa mtoto.

Msomaji wa Tanzania abadili majina na namba. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, ikapanuliwa hadi cha sita mwaka 2022. Kwa hiyo anayesema anamlipia mtoto "ada" katika shule ya kutwa ya serikali aulizwe analipia nini hasa. Huwa ni chakula, sare, daftari na nauli, na hivyo ndivyo vya kulipia. Dola 43 ni zaidi ya shilingi 107,000 za Tanzania hata dola ikiwa 2,500, na kiasi hicho mikononi mwa kamati nzuri ya usharika kinaweza kubeba watoto wawili wa kutwa.

Bidhaa ya kuacha kwenye rafu

Kuna chaguo moja ningekuambia usilinunue: kumfadhili mtoto ndani ya nyumba ya watoto, ile tunayoiita kwa haraka kituo cha yatima. Kenya ina watoto zaidi ya 40,000 katika nyumba za namna hiyo, na wengi wao si yatima. Wana mzazi au ndugu aliye hai aliyeshindwa na chakula au karo. Mwaka 2017 serikali ilisitisha usajili wa nyumba mpya, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe katika familia, za damu au za malezi. Hata SOS Children's Villages, ambayo tangu siku za Hermann Gmeiner mwaka 1949 inajulikana kwa nyumba zenye mama mlezi, sasa huendesha pia miradi ya kuzisaidia familia zisivunjike. Kila mfadhili mpya wa kitanda katika nyumba ya watoto huweka sababu ya kitanda hicho kujazwa. Kama kanisa lako tayari linaisaidia nyumba moja, msikate ghafla. Ulizeni kwanza cheti cha usajili cha Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto, kisha ulizeni ni watoto wangapi wamerudishwa kwao mwaka uliopita. Jibu la swali la pili litawaambia mengi.

Kuna mambo madogo yanayomchoma mnunuzi baadaye. Mwenye mshahara wa shilingi anayelipa kwa dola anabeba hatari ya sarafu: mwanzoni mwa 2024 dola ilipanda hadi kama shilingi 160, na kwa bei hiyo dola 43 ni 6,880, si 5,550. Mradi wenyewe unaweza kufungwa pasipo kosa la mtu, kama ilivyokuwa Machi 2017 Compassion ilipolazimika kuondoka India kwa sababu ya kanuni za fedha za kigeni na kuwaacha watoto zaidi ya 140,000 waliokuwa katika mpango. Kuhusu dini, Compassion husajili watoto wa imani yoyote na haidai mtoto abatizwe, lakini mafunzo hutolewa kanisani na Biblia imo ndani yake. Kwa familia ya Kiislamu ya Kwale au Kilifi hilo si jambo dogo, na mfadhili mwaminifu anapaswa kujua kwamba familia maskini haiko huru sana kusema hapana. Na ukiwa na shaka juu ya shirika lolote, Kenya sasa ina Mamlaka ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, chini ya sheria ya 2013 iliyoanza kutumika Mei 2024. Omba namba ya usajili na hesabu zilizokaguliwa. Atakayekasirika kwa kuulizwa amekuokolea pesa.

Chaguo la nauli ya matatu

Wakristo wa ufadhili wanayo desturi ya kumwita mtu anayejitolea kuwasemea watoto "mtetezi". Mara nyingi kazi yake huwa kusimama kanisani na kugawa picha za watoto wanaosubiri wafadhili. Utetezi huo ni mfupi mno. Angalia Nairobi: tangu 2023, kwa mpango wa Dishi na County, kaunti ikishirikiana na Food4Education ya Wawira Njiru, mtoto wa chekechea au shule ya msingi ya umma hupata chakula cha mchana kwa shilingi 5 za mzazi, akigusisha bangili yake kwenye mashine. Kwa siku 190 hivi za masomo, mzazi halipi hata 1,000 kwa mwaka. Linganisha na zile 18,000 za sekondari katika jedwali langu. Hakuna mfadhili awezaye kushindana na bei hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama imebebwa na bajeti ya umma, na bajeti ya umma husogezwa na watu wanaokwenda kwenye mikutano.

Mikutano hiyo ina tarehe. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure, lishe, makao na afya. Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa mwaka ifikapo tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili, na kila hatua ina nafasi ya wananchi kusema. Katika vikao vya wadi utasikia barabara, barabara, taa za mtaani, na tena barabara. Mtu akisimama na kuuliza chekechea ya hapa ina walimu wangapi na uji umetengewa shilingi ngapi, karani huandika, kwa kuwa anatakiwa kuandika. Wakisimama kumi kutoka kanisa moja, mwakilishi wa wadi naye huandika.

Sauti za watu zimewahi kubadili sheria na desturi zilizokuwa ngumu kuliko uji. Tanzania ilikuwa ikiwafukuza shule wasichana waliopata mimba. Novemba 2021, baada ya miaka ya kelele za wanaharakati, mawakili na wazazi, serikali iliruhusu warudi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda kesi Mahakama Kuu mwaka 2016 dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyomruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 14 au 15, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo Oktoba 2019. Hakuna ufadhili wa dola 43 unaomfaa msichana aliyefungiwa lango la shule.

Kwa hiyo, ukiwa ughaibuni, huna kanisa la nyumbani unaloliamini na unajijua huwezi kufuatilia, chukua Compassion au Unbound, ukae miaka tisa. Ukitaka kijiji kizima na hukasiriki kutopata barua ndefu, World Vision. Ukiwa hapa hapa na una 3,130 kwa mwezi, tafuta wenzako wawili wa kamati na mtoto mmoja wa shule ya kutwa, na msianze kabla akiba ya mwaka haijatimia. Ukiwa huna hata hizo, kikao cha wadi hakina kiingilio. Na kwa yeyote kati ya hao, siku ukiona mtoto anapigwa, anaozwa au amefichwa, iwe Kenya au Tanzania, piga 116. Simu hiyo ni ya bure.